Mzizi Uliomponya Shangazi

Mtaalamu aliingia kwenye ile maabara siku ya wageni kwa sababu mbili: nje jua lilikuwa kali, na mlangoni walikuwa wanagawa soda za bure. Elimu haikuwamo. Hata hilo jina la Mtaalamu alipewa mtaani, na ukiuliza ni mtaalamu wa nini, watu wanatazamana. Aliwahi kuwa mtaalamu wa kuuza viwanja vya wenyewe, mtaalamu wa viza za nchi ambazo hata kwenye ramani angezitafuta mpaka kesho, na kwa kipindi kifupi kilichoishia kituo cha polisi, mtaalamu wa kuzidisha noti kwa dawa ya maji. Lakini sauti yake ilikuwa ya upole, na shati lake, tumpe haki yake, halikuwahi kukosa pasi.

Ndani, dada mmoja mtafiti mwenye koti jeupe alikuwa anawaonyesha wageni visahani vya kioo. Alieleza kwamba humo wamepanda bakteria wale wanaotia vidonda usaha, wakaota mpaka wakafanya utando kama ukungu. Juu yake wameweka vipande vya karatasi vilivyolowekwa kwenye maji ya mizizi mbalimbali. Mzizi ukiwa na kitu cha kuua bakteria, ukungu unatoweka kuzunguka karatasi na kubaki duara safi. Meza ya pili walikuwa wanaijaribu mizizi hiyohiyo kama ina lolote la kuwasaidia wagonjwa wa sukari.

"Lakini msitoke hapa mkaenda kuchimba mizizi," dada alisema. "Duara kwenye kisahani si dawa. Hata siki inaua bakteria kwenye kisahani. Baada ya hapa kuna miaka ya kazi, na mizizi mingi inaanguka njiani."

Wageni waliitikia kwa vichwa, na hakuna aliyesikia hata neno moja katika hayo. Walikuwa wamelikodolea macho lile duara. "Umewaua!" mzee mmoja alinong'ona. "Umewaua wote!" Mama mmoja aliuliza mzizi unauzwa wapi. Nyuma yao alisimama mtu mnene mwenye saa nzito, mfanyabiashara anayejulikana mjini kwa jina la Bosi wa Mabati. Yeye hakuuliza unauzwa wapi. Aliuliza, "Huu mzizi ni wa nani?"

Mtaalamu akaweka soda chini. Maisha yake yote alikuwa anamtafuta mtu wa kuuliza swali kama hilo.

Alimngoja mlangoni. "Mzizi ule una mwenyewe, bosi," alisema kwa upole. "Na unaongea naye."

Bosi wa Mabati akamtazama juu mpaka chini, macho yakatua kwenye pasi ya shati. "Lakini yule dada amesema si dawa."

"Amesema. Na mimi simpingi msomi. Najiuliza tu: kitu kisicho dawa, watu wazima wangekaa nacho chumbani miaka yote hiyo, na feni juu?"

Bosi alifikiri. "Wanaficha."

"Mimi sijasema wanaficha. Umesema wewe, bosi, kwa akili yako mwenyewe."

Hapo ni lazima tuseme kwamba Mtaalamu alikuwa mtu wa msimamo. Mgonjwa hamwuzii kitu. "Mgonjwa ana shida zake," alipenda kusema. "Mimi namwuzia yule anayetaka kumwuzia mgonjwa." Tofauti ya mambo hayo mawili alikuwa anaiona peke yake, ila aliiona vizuri, na ilimpa usingizi mnono.

Mzizi wenyewe haukumsumbua. Barabara ya mtaa wa pili ilikuwa inapanuliwa, na mafundi walikuwa wameng'oa ua mzima wa vichaka wakalundika mizizi kando ya mtaro. Mbuzi walikuwa wametafuna majani yake mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyesikika amekufa. Kwa Mtaalamu, huo ulikuwa utafiti wa kutosha.

Bakteria nao aliwapika mwenyewe, jikoni kwa shangazi yake. Huyu shangazi ndiye aliyemlea Mtaalamu baada ya baba yake kufariki, akamsomesha mpaka shule ilipomchoka. Sasa alikuwa anaishi peke yake na ugonjwa wake wa sukari, vidonge vyake, na mashine ndogo ya kupimia aliyopewa kliniki. Mtaalamu alichanganya unga wa jeli isiyo na rangi na maziwa kidogo, akamimina kwenye visosi, ikaganda ikawa na ukungu wa kupendeza kabisa. Akachukua kizibo cha soda, akakata maduara, na mashimo akayajaza jeli isiyo na maziwa. Hata yeye mwenyewe akiangalia, alihisi mwili unamsisimka. Mizizi nayo aliichemsha hapohapo, maji yake akayatia kwenye chupa mbili.

Shangazi alisimama mlangoni na upawa mkononi. "Unapika nini wewe?"

"Bakteria, Shangazi."

"Kwenye visosi vyangu vya wageni?"

"Nitavirudisha. Na hiyo mashine yako ya sukari, niazime siku moja tu. Niko kwenye utafiti."

"Miezi mingapi hujatia mguu hapa, leo umekuja kuazima." Lakini mashine alimpa, ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko wake. "Kaa basi, chai imechemka."

"Siku nyingine, Shangazi. Watu wananingoja."

Mashine ile aliitaka kwa sababu maalumu. Nesi wa kliniki alikuwa hachoki kumwambia Shangazi: mama, nawa mikono kabla ya kujipima, maana ukishika tunda, sukari inabaki kidoleni, na mashine itasoma tunda badala ya damu. Shangazi aliyashika maneno hayo kwa faida ya afya. Mpwa wake aliyashika kwa faida nyingine.

Ofisi ya Bosi wa Mabati ilikuwa nyuma ya ghala lake, na kila neno lililosemwa humo lilikatishwa na kelele za mabati yanayopakiwa. Mtaalamu aliweka visosi mezani, akafungua kitambaa, akarudi nyuma hatua moja. Bosi alikodoa macho. "Hawa ndio wale?"

"Usiwapumulie, bosi. Duara unaliona. Hapo mzizi umepita." Kisha akatoa machungwa mawili, akampa moja. "Karibu. Menya mwenyewe, chungwa la kumenyewa halina utamu."

Walikula mpaka maji yakawachirizika viganjani. Bosi alijifuta kwenye suruali, kama wanaume wote. Ndipo Mtaalamu akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Bosi, samahani, sukari yako umewahi kuipima?"

"Mimi? Mimi mzima kama bati la geji ishirini na nane."

"Ndiyo. Hata marehemu wengi walikuwa wazima."

Kidole kikachomwa. Mashine ikahesabu, ikalia, ikaandika kumi na tisa. Bosi wa Mabati, ambaye hakujua kumi na tisa ni nzuri au mbaya, aliyasoma majibu kwenye uso wa Mtaalamu, na uso huo ulikuwa wa mtu anayetafuta maneno ya kumwambia mjane.

"Nitakufa?"

"Sote tutakufa, bosi. Ila wengine wana haraka."

Likaletwa beseni. Mtaalamu akamimina maji ya mzizi, machungu na meusi. Nusu Bosi aliyanywa huku ameziba pua, nusu akanawia mikono mpaka viwiko, kwani mzizi huu, alielezwa, unaingia mwilini kwa njia mbili. Wakangoja kidogo wakiongea habari za bei za misumari. Kidole kingine kikachomwa. Tano na nusu.

Bosi alivuta pumzi ndefu. Alimshukuru Mungu kwanza. Kisha, kabla shukrani haijapoa, akauliza, "Wagonjwa wa sukari mjini hapa ni wengi?"

"Wengi sana. Na wanaongezeka kila mwaka."

"Mungu mkubwa," alisema Bosi wa Mabati, na machozi yakamlenga. "Basi sitaki dozi. Nataka mzizi wote, uliopo na utakaokuwepo. Asiuguse mtu mwingine."

Waliandikishana. Mtaalamu alipokea bahasha nene kwa mikono miwili na sura ya mtu anayemwoza binti yake wa pekee. Magunia ya mizizi yalifika kwa mkokoteni, Bosi akayaanika juu ya mabati yake yakauke. Siku chache baadaye Mtaalamu alikuwa na pikipiki mpya, na chumbani kwake makochi matatu yenye maua yaliyojaa mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri.

Mashine ya sukari aliirudisha, maana mwizi, kwa maelezo yake, hakuwa. Alikusudia kuikabidhi mlangoni na kuondoka. Shangazi aliipokea, akatabasamu, akasema, "Mwanangu, na mimi nimeanza."

"Umeanza nini?"

"Mzizi wako. Ile chupa uliyoisahau jikoni. Habari zako zimeenea mtaa mzima, mpwa wangu kagundua dawa ya sukari. Sasa mimi vidonge vya nini? Nimeacha."

Jasho lilimtoka Mtaalamu kwenye shati lenye pasi. Mjini hapa alikuwa amewadanganya watu wa kila kabila na kila kimo, lakini mwanamke huyu ndiye mtu mmoja tu ambaye kifo chake kilikuwa kinamtisha kuliko cha kwake mwenyewe. "Shangazi, rudia vidonge," alisema. "Leo hii."

"Kwa nini? Kwani mzizi haufanyi kazi?"

Swali dogo tu. Kulijibu kulihitaji neno moja, na neno hilo lingefika kwa jirani kabla ya adhuhuri, sokoni kabla ya alasiri, na kwa Bosi wa Mabati kabla ya magharibi. Mtaalamu akaitazama ile mashine mkononi mwa Shangazi. "Unafanya," alisema kwa sauti ndogo. "Ila bado uko kwenye majaribio. Itabidi nikupime mwenyewe. Kila asubuhi."

"Kama utafiti unataka hivyo," alisema Shangazi, "mimi nani nikatae?"

Basi yule mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuliona jua likichomoza kwa hiari yake, akawa anafika kila asubuhi mwezi mzima. Alimnawisha Shangazi mikono kwa sabuni, mara mbili, akimkausha kidole kimoja kimoja. Alimchoma, akaisubiri ile mashine roho mkononi. Kwa kuwa hakuuamini mzizi hata chembe, alihangaika na kila kitu kingine. Sukari ya kwenye chai aliipiga marufuku. Alimtembeza mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mkono kwa mkono, Shangazi akisimama kila mlango kumtambulisha: "Huyu ndiye mwanangu, yule mtafiti." Alimkagua nyayo kama zina kidonda. Adhuhuri alipita tena, eti alikuwa njiani.

Na mashine ikaandika saba. Kesho yake sita na nusu. Ikaandika sita. Haijapata kutokea, hata enzi za vidonge.

Mwanzoni Mtaalamu alishukuru tu. Halafu akaanza kushangaa. Halafu, asubuhi moja akiwa anasubiri chai isiyo na sukari ipoe, wazo lilimwingia, na likishaingia wazo la namna ile kwenye kichwa cha tapeli, halitoki. Mikono ameinawisha yeye. Chungwa hakuna. Vidonge ameacha. Sasa ni nini kilichomshusha Shangazi sukari?

Mzizi!

Mzizi wa mtaroni! Alichokitunga kwa uongo kilikuwa kweli. Aligundua dawa bila kukusudia, akaiuza kwa bei ya pikipiki na makochi yenye maua, kwa mtu asiyejua hata kunawa mikono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mtaalamu alijiona ameibiwa.

Sasa tumwache hapo akikimbilia pikipiki, tumtazame Bosi wa Mabati, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ametoka maabara. Alikwenda huko na kisosi kimoja na kipande cha mzizi, kutafuta muhuri. Dawa yenye muhuri, alipiga hesabu, ingeuzwa mara mbili ya dawa isiyo na muhuri. Yule dada mtafiti alikigeuza kisosi, akakinusa.

"Mzee wangu, haya ni maziwa."

"Maziwa ya bakteria?"

"Maziwa ya ng'ombe. Na jeli. Na huu mzizi tuliujaribu zamani, ni wa vichaka vya uani. Bakteria haukuwagusa, kwenye sukari haukufanya chochote." Bosi alibisha kwamba yake ilipimwa ikashuka palepale, naye dada akamwuliza, "Hiyo sukari yako alipokupima, ulikuwa umenawa?"

Bosi alisimulia habari za chungwa. Alipofika katikati ya simulizi aliielewa mwenyewe, na hakuimaliza. Alirudi ofisini akiwa mwekundu wa macho, akawaita wapakiaji wake wawili wenye mabega mapana, akawaambia wamtafute mtu mmoja mwenye shati la pasi, wamlete akiwa hai, mengine watajua wenyewe. Wakati wanavua aproni, mlango ukafunguliwa.

"Bosi wangu," alisema Mtaalamu akihema, "nimekuja kuununua ule mzizi."

Bosi wa Mabati alikuwa ameshafungua mdomo kutukana. Aliufunga. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata akiwa na hasira. Aliwapungia mkono wapakiaji watoke, akavuta kiti. "Karibu, mdogo wangu. Kuununua?"

"Wote. Magunia yote na makaratasi yetu."

"Ah." Bosi alitazama dari kwa huzuni. "Umechelewa."

"Nimechelewaje?"

"Kuna watu kutoka nje. Siwezi kukutajia. Wana makoti meupe." Akashusha sauti. "Wameniambia nisiseme ni dawa."

Mtaalamu alikaribia kulia. "Nilijua! Wanaficha!"

"Mimi sijasema wanaficha. Umesema wewe, kwa akili yako mwenyewe."

Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani, na wangekuwapo ofisini humo wangekaa chini watazame. Mtaalamu, aliyejenga maisha yake kwa kusoma macho ya watu, siku hiyo hakuyasoma, kwa sababu yeye alikuwa anatazama utajiri wake ukipita. Alitoa kilichobaki kwenye bahasha. Bosi akatikisa kichwa; mzizi ule, alisema, ameshauzoea kama mtoto. Mtaalamu akaongeza pikipiki. Bosi akapangusa jicho. Mtaalamu akaongeza makochi matatu yenye maua.

"Basi," alisema Bosi wa Mabati akimkumbatia, "kwa kuwa ni wewe. Na usafiri juu yangu, nitakuletea mpaka mlangoni."

Chumba chake mwenyewe kilikuwa kidogo, kwa hiyo Mtaalamu alielekeza kwa Shangazi. Alikwenda huko kwa miguu, mbio, akiongea peke yake.

Shangazi alikuwa uani, anachambua mchele. "Shangazi! Vaa viatu twende maabara. Wewe ndiye ushahidi wangu. Utawaambia umeacha vidonge, umekunywa mzizi, umepona!"

Shangazi aliweka ungo chini. "Nani kaacha vidonge?"

"Wewe!"

"Mimi? Daktari aniambie nisiache, halafu niache kwa maji ya mtaroni? Nina wazimu?" Alimtazama, akamsogezea kigoda. "Nilikudanganya, mwanangu. Vidonge nakunywa kila siku, ukigeuza mgongo tu. Huo mzizi wako namwagia maua. Na maua yenyewe yamekauka."

"Lakini kwa nini, Shangazi?"

"Mwaka mzima nilikuwa naumwa kwa adabu, natumia dawa, sina usumbufu, na wewe hukuja. Nikasema nimeacha dawa, ukaja kila asubuhi. Umenishika mkono mtaa mzima. Tangu marehemu mume wangu, hakuna aliyenikagua nyayo." Aliokota punje ya mchele kwenye kanga yake. "Ningekwambia lini ukweli? Kesho yake usingekuja."

Mtaalamu alitaka kukasirika, hasira ikakataa. Alikuwa hana bahasha, hana pikipiki, hana hata kochi la kulilia. Na bado, chini kabisa ya maumivu hayo, aliona kitu kinamfurahisha bila ruhusa yake: Shangazi hakuwa akifa. Mwezi mzima alikuwa analala na hofu hiyo, na sasa ilikuwa imeondoka. Alijifunika uso kwa mikono, na Shangazi hakujua kama analia au anacheka, kwa sababu hata mwenyewe hakujua.

Honi ikalia nje. Lori la Bosi wa Mabati lilikuwa limeziba mlango, magunia yamepangwa mpaka juu, mizizi imekauka kwa jua la mwezi mzima hadi inagongana. Mmoja wa wale wapakiaji wenye mabega mapana alichungulia uani akitabasamu kupita kiasi. "Tushushe wapi?"

Mtaalamu hakuinua kichwa. Shangazi alitoka, akafungua gunia moja, akauvunja mzizi mmoja gotini, akasikiliza unavyolia.

"Leteni jikoni," alisema. "Kuni zimeniishia tangu jana." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe vua hilo shati. Shoka liko nyuma ya mlango."